Wales haina visa yake, jamani! Leo tumalizane

Haya, habari zenu. Kila nikipandisha video, chini kuna swali lile lile: "Dada, na Wales umeingia kwa visa gani?" Wengine wanaongezea, "Unaringa tu." Sawa. Naringa kidogo, halafu nawajibu.

Wales iko ndani ya Uingereza. Hakuna mpaka, hakuna muhuri. Visa yangu ya kazi ni ile ile, na tangu zile kadi za plastiki za kibali cha kuishi zikome mwisho wa 2024, hata cha kumwonyesha mtu sina. Kila kitu kiko mtandaoni. Kwenye treni wanataka tiketi. Na tiketi ndiyo inayouma! Hapa Tenby, mji wa pwani huku Wales, ni mbali, reli ile inayoishia Pembroke Dock. Ukichelewa kukata, utalipa hela ya kuezekea banda. Mimi nilikata mapema, tena kwa kadi ya punguzo inayokuondolea theluthi ya nauli. Na chakula nimebeba kwenye kopo.

Tazameni bandari. Nyumba za waridi, njano, buluu. Zile mashua si mbovu, maji yamekupwa tu: zimelalia mchanga, kamba zimelegea, zimeota mwani. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 7. Sisi wa Tanga mita 4 tunaona mengi. Ile ngome juu ya mwamba ni ya miaka ya 1860. Maji yakikupwa unaiendea kwa miguu, yakijaa ni kisiwa.

Nilitaka kwenda Caldey, kisiwa cha watawa, wanatengeneza mpaka chokoleti. Boti haziendi Jumapili. Niliomba kazini Jumamosi, msimamizi akanipa nini? Jumapili! Kwa ujumbe wa saa tano usiku.

Halafu kuna binamu yangu mmoja, anajijua. Kaona picha ya bahari, kanitumia bili ya ada ya mtoto saa hiyo hiyo. Picha zangu za zamu ya usiku hazijawahi kumkumbusha ada.

Sasa, simshauri mtu. Kila mmoja na mkataba wake, na mfuko wake. Mwenye watoto wa chini ya miaka 5, treni hawalipi. Agosti bei za vyumba zinapaa, mimi nisingethubutu. Na koti ubebe hata jua likiwaka, upepo wa huku si wa Raskazone, ufukwe wetu wa Tanga.