Nani Anashika Simu Saa Nane Usiku?

SHEE: Hodi masikioni mwenu. Ni mimi Shee, na mwenzangu kama kawaida ni Bi Mwanaidi. Tunarekodi Langoni, hapa Amu, mjini Lamu, dirisha liko wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo mkisikia punda analia, huyo si mgeni wetu.

MWANAIDI: Leo hatuna mgeni. Mgeni ni mimi.

SHEE: Kweli. Kwa asiyejua, Bi Mwanaidi kazi yake ni uuguzi, haya ya kipindi ni ya jioni tu. Na kuna mzazi wa Faza, kisiwani Pate, ametuletea swali: binti yake amepata C kamili kwenye mtihani wa kidato cha nne, anataka unesi. Ampeleke?

MWANAIDI: C kamili inatosha kwa diploma, mradi masomo yenyewe yanayotakiwa, kama Biolojia, hayakuanguka. Shahada inataka C ya kujumlisha. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, iko hapa hapa Lamu, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Akimaliza anafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, ndipo apewe leseni. Hayo ataambiwa na yeyote. Asiloambiwa ni siku atakapopelekwa zahanati peke yake.

SHEE: Peke yake vipi?

MWANAIDI: Yeye, mlinzi, na friji ya sola. Mdogo wangu, kaunti hii sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Si wengi. Lakini wametawanyika: Amu, Pate, Ndau, Kiwayu, halafu bara hadi Witu na Mpeketoni, halafu Kiunga kule mpakani. Huwezi kuweka daktari kila mahali. Unaweka nesi. Na watu wa kisiwa watamwita daktari kuanzia siku ya kwanza, atake asitake.

SHEE: Wewe ulianzia wapi?

MWANAIDI: Kisiwa kimoja, mwaka 2014. Nilikuwa na cheti tu, miezi mitatu kazini. Ilikuwa Julai, pepo za kusi zimechachamaa. Akaja mama, mimba ya nne, akajifungua salama saa saba usiku. Kondo likatoka. Nimeshamchoma oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, yuniti kumi kama inavyotakiwa. Nikageuka kumfuta mtoto, nikageuka tena, shuka limeloa.

SHEE: Damu.

MWANAIDI: Damu haikatiki. Nikampigia nahodha wa boti, akaniambia, mwanangu, bahari hii hatuvuki mpaka alfajiri. Na hakudanganya, nilikuwa nasikia mawimbi kutoka mle chumbani. Basi nikampigia mkunga mmoja mkubwa, aliyenifundisha wodini nilipokuwa mwanafunzi. Saa nane usiku. Akashika mlio wa pili.

SHEE: Hakukasirika?

MWANAIDI: Hata salamu hakuuliza. Aliniambia, weka simu kwenye spika, iweke mezani, mkono wako uko wapi? Nikamwambia uko tumboni, nasugua. Akauliza, tumbo la uzazi limekaza kama dafu au limelegea kama unga wa maandazi? Limelegea. Akanyamaza kidogo, akauliza: kibofu umekitoa mkojo?

SHEE: Ulikuwa hujakitoa.

MWANAIDI: Wallahi nilisahau. Kibofu kikijaa kinalizuia tumbo la uzazi lisikaze, hilo niliulizwa kwenye mtihani na nikalipata! Nikatia mpira, mkojo ukatoka, nikaendelea kusugua, likaanza kukaza chini ya mkono wangu. Maji ya mshipa yanaingia. Yeye yuko kwenye simu muda wote, kila baada ya dakika ananiuliza pigo la moyo ngapi, presha ngapi. Boti ikaja kwenye mwanga. Yule mtoto sasa anacheza mpira, namwona.

SHEE: Kwa hiyo tunaposema muuguzi apewe msaada kazini...

MWANAIDI: Mimi maana yangu ni hiyo simu. Sikatai semina. Leseni haihuishwi bila pointi za elimu endelevu, na pointi nyingi zinapatikana kwenye semina. Lakini hebu mfikirie nesi wa Kizingitini: boti hadi Mokowe, basi kupitia Garsen hadi Malindi au Mombasa, siku mbili ukumbini anatazamishwa picha ukutani, anakula sambusa, anarudi. Na siku zote hizo zahanati imefungwa.

SHEE: Sambusa zenyewe nzuri lakini.

MWANAIDI: Za Mombasa nyembamba. Sikiliza. Kuna utafiti uliotoka 2023, ulifanyika hapa Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini. Walimwekea mama mfuko chini yake wenye alama, damu inapimika badala ya kukisiwa kwa jicho, na ikifika kiwango, matibabu yote yanatolewa kwa pamoja, si moja moja kwa kusubiri. Kutokwa na damu nyingi mno kukapungua kwa asilimia 60. Dawa si ngeni, nyingi ni zile zile tulizonazo. Watu walifundishwa pale pale leba wanapofanyia kazi. Mafunzo ya namna hiyo nayapenda.

SHEE: Na lugha? Maana manesi wengi wanatoka bara.

MWANAIDI: Hilo watu hulicheka lakini si la kucheka. Bibi wa Pate anakwambia "kitwa chaniuma na mato hayaoni", na ni mjamzito. Wewe umetoka Kitui, umesoma Kiswahili cha shuleni, unaandika kwenye kadi "hakueleweka". Kumbe amekutajia dalili mbili za kifafa cha mimba! Kichwa na macho! Au mgonjwa wa sukari anasema ana "ndaa" tangu asubuhi, wewe hujui kuwa ni njaa. Mgeni akifika angepewa mwenyeji wa kukaa naye wiki mbili tu.

SHEE: Twende kwenye vyeo, maana mzazi atataka kujua mshahara utapanda lini.

MWANAIDI: Hapo nitasema ya kwangu na jina la mtu sitaji. Niliposoma kutoka cheti hadi diploma nilisoma nikiwa kazini, kwa ile njia ya masomo ya kompyuta ambayo shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi waliianzisha 2005. Nilisomea usiku wa zamu. Nikapeleka cheti changu kwa aliyeniajiri. Faili likapotea. Nikapeleka tena. Likapotea tena. Miaka sita nafanya kazi ya diploma kwa mshahara wa cheti.

SHEE: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Nikatoa nakala kumi, nikaenda nazo mwenyewe, nikakaa kwenye benchi pale nje siku tatu na chupa yangu ya chai. Siku ya nne likaonekana.

SHEE: Subhanallah.

MWANAIDI: Binti wa Faza ajue hilo: kila karatasi, nakala. Tangu 2013 afya iko kwa kaunti. Faida yake, mtoto wa hapa anaajiriwa nyumbani. Hasara yake, ukiolewa Malindi, kuhama kaunti ni kazi nyingine kabisa. Na migomo ipo. Ule wa 2017 ulichukua karibu siku 150, Juni mpaka Novemba. Akope dukani polepole.

SHEE: Uingereza je? Serikali ilitia saini makubaliano nao ya kupeleka wauguzi 2021.

MWANAIDI: Wenzangu wawili wamekwenda nje, na siwalaumu hata kidogo. Mmoja kabla ya kuondoka alinipa saa yake ya kupimia mapigo, ndiyo hii. Mimi fomu niliijaza nikaiacha kwenye kabati.

SHEE: Kwa nini?

MWANAIDI: Yule mkunga alistaafu.

SHEE: Sijaelewa.

MWANAIDI: Alipostaafu, wale wote aliokuwa akiwapokelea simu walibaki wapi? Nani aliwaambia wapige wapi? Hakuna. Wakaanza kunipigia mimi, maana mmoja alikuwa na nambari yangu. Sasa wako tisa. Hakuna karatasi inayosema ni kazi yangu, hakuna posho, simu natia chaji mwenyewe. Ninalotaka ni dogo: kila usiku, kwenye ratiba ile ile ya zamu, liandikwe jina la muuguzi mmoja mzoefu wa kushika simu za zahanati, alipwe kama yuko zamu, na asubuhi apumzike. Nambari iwe moja, isiwe ya mtu. Mtu hustaafu, mtu hufa.

SHEE: Umeshalipeleka ombi hilo?

MWANAIDI: Nimelipeleka. Na nakala.

SHEE: Kumi?

MWANAIDI: Kumi na mbili. Ngoja... hii ni ya Ndau. Zima hicho kidude, Shee. Alo? Ndiyo, nakusikia. Pole pole. Mkono wako uko wapi?