Mtoto kalipataje hilo jibu?

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Leo nataka tuzungumze namna ya kupima njia aliyopita mtoto, sio jibu lake tu. Nianze na karafuu, maana hapa Chake Chake, Pemba, nani hajawahi kuanika? Za jirani yako siku nne tu zimekauka zinavunjika, zako siku ya sita bado zinapinda. Kwa nini? Yeye kaanika majamvini wewe sakafuni, yeye kazitandaza wewe umezirundika. Sasa ukibadilisha yote kwa mpigo na zikakauka, hujajua kitu, umepata karafuu kavu basi.

Mtihani wa PISA wa 2012, ule wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, uliwauliza watoto wa miaka 15 jambo hilohilo, ila kwa kiyoyozi kwenye kompyuta. Kiyoyozi kipya, hakina maelezo, kina vitufe vitatu vya kusogeza na skrini inaonesha joto na unyevu, haya tafuta kipi kinabadilisha nini. Na kompyuta inarekodi kila alichogusa! Kuna anaesogeza kimoja, vile viwili kaviacha vilivyo, anaangalia. Kuna anaevisogeza vyote vitatu kama anatafuta stesheni ya redio. Waliokwenda kimoja kimoja ndo wengi wao waliopata. Mwaka 2015 wakaja na zoezi la mkimbiaji wa kwenye joto, unachagua joto, unyevu, anywe maji au asinywe, unaona jasho lake na joto la mwili, halafu unaambiwa uoneshe ni majaribio gani yaliyokupa jibu. Hapo ndo pananifurahisha mie.

Kwani praktiko zetu zikoje? Skuli moja niliyofundisha zamani nilikusanya karatasi za titresheni, ile ya kumimina kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike usome umemimina kiasi gani, meza nzima wameandika 24.5, na mimi natia vema tu, ntajuaje nani kamimina na nani kachungulia?

Lakini tusidanganyane, kompyuta nayo ina fitina yake. Nilimpa mtoto wa kidato cha pili zoezi la saketi, dakika kumi nzima anapigana na mausi, waya haushiki kwenye balbu. Ningempa maksi za chini ningekuwa nimepima vidole, sio fizikia. Kwa hiyo siku ya mwanzo wacheni wachezee tu, msihesabu.

Na umeme ukikatika? Wakae wawili wawili na vifaa vya kawaida, mmoja anafanya, mwenzake anaandika kila alichobadilisha na saa ngapi, bila kumsaidia, hiyo bila kumsaidia ndo ngumu.

Haya, nna kompyuta tatu hapo nyuma, moja betri yake mbovu msiichomoe, njooni tukijaribu hicho kiyoyozi.