Vuli Yetu Huanzia Sumatra

Wazee wangu, walimu, wavuvi na manahodha mliovuka kutoka Mtongwe, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Hapa Mombasa, mvua ikizidi mwezi wa Oktoba au Novemba, husemwa kwamba ni El Nino. Tangu mafuriko ya 1997 neno hilo limekuwa jina la kila mvua kubwa, na hata la watu wenye fujo. Mimi nimekuja kudai kwamba tumezoea kulaumu bahari isiyo yetu. El Nino, yaani kupanda kwa joto la maji ya ikweta kupita kawaida, ni habari ya Pasifiki, ilhali vuli yetu hutegemea zaidi namna joto lilivyogawanyika ndani ya Bahari ya Hindi.

Tazameni mwaka 1961. Pasifiki haikuwa na El Nino, lakini Afrika Mashariki ilinyeshewa kiasi kwamba Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Kisha tazameni 2015, mwaka wa El Nino kali mno, tulipohimizwa tuzibue mitaro na kuhama mabondeni. Mvua ilikuja, lakini haikufikia ile ya 1997. Kilichokuwapo 1961 na 1997, na ambacho 2015 kilikuwa dhaifu, ni mwinamo wa joto katika bahari yetu wenyewe, yaani upande wetu kuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra kupoa.

Ili tuuelewe mwinamo huo, yafaa tukumbuke jinsi bahari hii inavyotofautiana na nyingine. Katika Pasifiki na Atlantiki, upepo wa ikweta huvuma kutoka mashariki takriban mwaka mzima. Kwetu upepo hugeuka: kuna msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, na katikati yake, wakati wa tanga mbili, upepo wa ikweta huko bahari kuu hutoka magharibi na kuyasukuma maji ya moto kuelekea Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Kwa hiyo, katika mwaka wa kawaida, maji yenye joto zaidi hukusanyika upande wa Indonesia, hewa hupanda huko ikiwa imejaa mvuke, mvua hunyesha huko huko, na hewa iliyokwisha kukauka hushuka upande wetu. Ndiyo maana pwani yetu, ingawa iko karibu na ikweta, haina misitu minene kama ile ya Sumatra.

Lakini kuna miaka ambapo upepo wa kusini-mashariki unaopita kando ya Sumatra na Java huvuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, ukayaondoa maji ya juu pwani, na maji baridi ya vilindini yakapanda kuchukua nafasi yake. Bahari ikipoa, hewa iliyo juu yake hupoa na kuwa nzito. Upepo wa magharibi hulegea, kisha hugeuka na kutoka mashariki. Upepo huo mpya huyaleta kwetu maji ya moto na wakati huo huo huzidi kuinua yale ya baridi kule Sumatra, hata isijulikane kilichoanza ni upepo au ni maji. Mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes aliueleza mzunguko wa aina hii kuhusu Pasifiki mwaka 1969. Kwa Bahari ya Hindi tulisubiri hadi 1999, Saji na wenzake walipoueleza na kuupa jina la dipoli.

Msishangae kwamba maji huiamrisha hewa. Mita tatu hivi za juu za bahari zina uwezo wa kuhifadhi joto sawa na angahewa yote. Mwaka 2019 mwinamo ulipita kawaida kwa takriban nyuzi 2 tu za selsiasi, nao ulitosha kutufurikisha sisi na kuikausha Australia, ambako misitu iliungua kwa miezi. Mwaka 2023 dipoli na El Nino zilikuja pamoja kama 1997, Mto Tana ukafurika na barabara ya Garissa ikakatika. Mwinamo ukigeuka, yaani Sumatra ikawa na joto kuliko kawaida, vuli hukosekana, kama wafugaji wa kaskazini walivyoona 2021 na 2022 wakati La Nina, yaani kinyume cha El Nino, nayo ilikuwa imekaa Pasifiki.

Wazee wa majahazi walijua tarehe za kusi na kaskazi kuliko kalenda yoyote, na sioni sababu ya kuwasahihisha. Wasichoweza kukiona ni kile kilichokuwa kikitendeka zaidi ya maili elfu tatu mashariki yao. Dipoli huanza kuchomoza Juni au Julai na kufikia kilele kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo mwezi wa Agosti tayari kuna jambo la kusemwa kuhusu vuli.

Masika ni shauri jingine. Ikifika Desemba pepo za Sumatra hugeuka, maji baridi huacha kupanda, na mwinamo hufutika. Mvua ya Machi hadi Mei hubaki mikononi mwa mambo ya muda mfupi, mojawapo likiwa makundi ya mawingu yanayosafiri kuelekea mashariki na kurudi kila siku 30 hadi 60, ambayo wanasayansi Madden na Julian waliyaeleza mwaka 1971. Mkulima wa Kaloleni akiniuliza Septemba kuhusu vuli, nitamkunjulia ramani ya joto la bahari. Akiniuliza Januari kuhusu masika, nitamwomba arudi mwisho wa Februari.