Tujaze FAFSA pamoja: mwongozo kwa familia inayosomesha watoto nyumbani

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo tunajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba fedha za serikali kuu ya Marekani za kulipia chuo. Skrini yangu mnaiona hapo. Kijana wangu wa pili amekaa hapa pembeni, na yeye ndiye anayeshika kipanya, kwa sababu fomu ni ya mwanafunzi. Mzazi anaingia baadaye kwa kualikwa.

Video hii nimeirekodi kwa ajili ya sisi tunaosomesha watoto nyumbani. Akina mama wamekuwa wakinipigia simu na swali ni lilelile: "Dada, pale wanapouliza shule, naandika nini?" Tutafika hapo, na hapo tutakaa.

Kabla ya yote, angalia juu kwenye anwani: studentaid.gov. Lazima iishe na .gov. Fomu hii ni bure. Ukijikuta kwenye tovuti inayokuomba namba ya kadi ya benki ili ujaze FAFSA, funga, umepotea njia.

Hatua ya kwanza ni akaunti. Mwanafunzi anafungua yake, mzazi anafungua yake, na kila mmoja anatumia barua pepe yake. Msichangie. Mzazi asiye na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, naye anaweza kufungua, kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba huna. Na karatasi zako za uhamiaji wewe mzazi hazimzuii mtoto mwenye haki. Kinachoangaliwa ni hali ya mwanafunzi mwenyewe: ni raia, au ana grinikadi, au aliingia kama mkimbizi na I-94 yake, ile hati ya kuingia nchini, anayo. Kama si raia ataombwa A-Number, yaani namba yake ya uhamiaji, basi iwe mezani.

Sasa shika kadi ya Social Security ya mtoto mkononi. Usiandike jina kwa kumbukumbu. Sisi majina yetu ni matatu, na wengi tulipofika hapa yalipangwa upya: jina la babu likawa la kwanza, la mtoto likasukumwa katikati. Nyumbani unamwita jina moja, kadi inasema jingine. Hapa andika kama kadi inavyosema, herufi kwa herufi. Na tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo. Kuna familia nzima zimeandikiwa tarehe 1 Januari kambini, mama anajua fika mwanawe alizaliwa msimu wa mvua, lakini kama kumbukumbu za serikali zinasema 1 Januari, andika 1 Januari. Majina na tarehe visipolingana, akaunti inakwama.

Tumeingia. Tunachagua fomu ya mwaka wa masomo 2026–27, kwa mtoto anayeanza chuo majira haya ya vuli ya 2026. Hii inatumia kodi ya mwaka 2024. Ndiyo, ya nyuma kabisa, hujakosea.

Maswali ya mwanzo yanapima kama mtoto anamtegemea mzazi. Kijana wa miaka 18 anayeishi kwenu anakutegemea, hata kama ana kazi yake. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ya namna tunavyolea. Kwetu mtoto wa dada ni wako. Unamlea, unamsomesha, anakuita mama. FAFSA haikuhesabu. Shangazi, mama mdogo, bibi, hata mlezi aliyeteuliwa na mahakama, kwenye fomu hii si mzazi, isipokuwa umemwasili kisheria. Lakini kama mtoto hakuwa na mzazi aliye hai wakati wowote tangu afikishe miaka 13, au mahakama ilimkabidhi kwa mlezi wa kisheria, basi anajaza kama anayejitegemea, na taarifa za mzazi hazihitajiki. Soma maswali hayo taratibu, usiyarukie.

Wazazi mlioachana: anayeingia kwenye fomu ni yule aliyemgharamia mtoto zaidi katika miezi 12 iliyopita. Mlioana na kupeleka kodi pamoja, mmoja wenu anatosha.

Haya, tumefika kwenye swali lenyewe. Fomu inauliza mwanafunzi atakuwa amemaliza sekondari kwa njia ipi. Mnaona machaguo: cheti cha shule ya sekondari, cheti mbadala kama GED, na hili hapa, limeandikwa Homeschool. Bonyeza hilo. Mara tu unapolibonyeza, fomu haiulizi tena jina la shule wala mji wake. Usitafute shule ya kubandika hapo. Usiandike shule aliyosoma darasa la nane kabla hujamtoa. Usiogope kwamba ukisema ukweli utaonekana mtoto hakusoma.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Kijana wangu wa kwanza alipofika kwenye ofisi ya msaada ya chuo kimoja, aliambiwa akafanye mtihani wa GED kwanza ndipo wamshughulikie. Mtoto alirudi ameinamisha kichwa. Miaka minne ya kazi yake na yangu, ikawa kama hatukufanya kitu. Usiku ule nikakaa kusoma sheria. Sheria ya Elimu ya Juu, kifungu cha 484(d), inamtambua mwanafunzi aliyemaliza sekondari nyumbani, mradi masomo hayo yanahesabika kuwa shule ya nyumbani au shule binafsi kwa sheria ya jimbo lake. Kwa kupata msaada wa serikali kuu, GED haidaiwi juu yake. Kama jimbo lenu linatoa na kudai cheti maalumu cha waliosoma nyumbani, mnapaswa kuwa nacho. Kama halidai, kinachohitajika ni transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake, iliyosainiwa na mzazi. Sisi tuko Texas, na hapa shule ya nyumbani ni shule binafsi, wala jimbo halitoi cheti. Niliandika barua fupi, nikataja kifungu, nikaambatisha transkripti yangu. Wakapokea.

Najua ugumu wake. Tumekulia mahali ambapo karatasi bila mhuri si karatasi. Mkuu wa shule, mhuri wa bluu, saini juu ya mhuri. Unajiuliza, mimi mama wa jikoni nisaini transkripti? Ndiyo mama, wewe. Mkuu wa shule ni wewe.

Nawafungulia ya kwangu muione. Ukurasa mmoja. Juu jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa, anwani yetu. Chini nimegawa miaka minne, na kila somo lina alama na krediti. Krediti moja nimeihesabu kwa takriban saa 120 za somo, ndivyo shule nyingi hapa zinavyokadiria. Hisabati, Kiingereza, biolojia, historia ya Marekani. Na hapa, mwaka wa pili na wa tatu: Kiswahili I, Kiswahili II. Nimekiweka kwenye lugha za kigeni bila wasiwasi wowote, kwa sababu tulikisoma kweli. Aliandika insha, alijifunza ngeli, alimsomea babu yake magazeti kwa simu kila Jumapili. Kama nawe umemfundisha mwanao, kiandike. Kama mnakiongea tu mezani, usikiandike. Chini kabisa ni tarehe aliyohitimu na sentensi moja: nathibitisha kwamba amekamilisha masomo ya sekondari. Saini, tarehe. Vyuo vingine huomba na muhuri wa notari, wakiomba mpe.

Swali linalofuata linawaponza wengi wetu: mwanafunzi atakuwa mwaka wa ngapi chuoni? Watoto wengi wanaosoma nyumbani wameshachukua masomo ya chuo cha jamii wakiwa bado sekondari. Mtoto ana krediti 24, anataka kubonyeza mwaka wa pili. Hapana. Ni mwaka wa kwanza.

Sasa zamu ya mzazi. Kijana anatuma mwaliko kwa barua pepe, nami naingia kwa akaunti yangu. Kitu cha kwanza ninachoulizwa ni idhini ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kutuma taarifa zangu za kodi. Kubali. Hata kama hukupeleka kodi mwaka huo, hata kama huna Social Security, toa idhini. Usipotoa, mtoto hapati msaada wa serikali kuu, hata senti.

Mali. Wengine fomu haitawauliza, inategemea kipato. Ukiulizwa: nyumba mnayoishi usiitaje, akiba ya uzeeni usiitaje. Fedha za benki andika zilizopo leo. Na kile kiwanja cha Kibaha, au nyumba mnayojenga Kitengela? Fomu inauliza ardhi na nyumba nyingine, na haikusema za Marekani tu. Andika thamani yake ukitoa deni. Unasaini kwamba umesema kweli, na jina lako lina uzito kuliko kiwanja.

Vyuo mnaweza kuweka hadi 20. Andika jina, namba ya chuo itakuja yenyewe. Weka hata kile ambacho hujapata uhakika nacho.

Saini ya kijana, saini yangu. Saini moja ikikosekana fomu inabaki imelala tu. Na msingoje, mwisho wa serikali kuu ni 30 Juni 2027, lakini majimbo na vyuo hufunga mapema zaidi.

Ndani ya siku chache utaona namba ya SAI, ambayo vyuo huitumia kupima msaada mnaohitaji. Ikiwa ndogo ni nzuri, inaweza kushuka hadi -1500. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, kiwango chake cha juu mwaka 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Kama kipato kimeanguka tangu 2024, kazi imekwisha au ugonjwa umeingia, iandikie ofisi ya chuo uombe waangalie upya. Wana mamlaka hayo.

Haya baba, bonyeza. Mnaona hapo, imeenda. Nahifadhi ukurasa huu wa uthibitisho kwenye folda moja na transkripti, ili ofisi ikiuliza nitume vyote siku hiyohiyo.