Shamba la Bibi: sisi tuliokulia nje ya ukuta wa Uwanja wa Taifa

Asanteni, asanteni, kaeni basi. Wale mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, njooni, leo hakuna mzunguko wala jukwaa kuu, wote bei moja, yani bure.

Nimeombwa niongee kuhusu uwanja wa zamani wa timu yetu, na aliyenialika kanionya kabisa, mzee usilete Usimba wako maana ukumbi una watu wa Yanga. Nikamwambia usijali, kuongelea Uwanja wa Taifa bila Yanga haiwezekani, sawa na kuhadithia ugomvi wa wapangaji halafu umtaje mpangaji mmoja tu. Na hapo ndo nataka nianzie. Wenzetu wa Arsenal wakiililia Highbury, iliyofungwa 2006 ikageuzwa nyumba za kuishi, wanalilia kitu kilichokuwa chao. Sisi tunalilia nyumba ya kupanga! Simba imeanza 1936, Yanga 1935, na miaka yote hiyo tunayoisifia mechi kubwa tulikuwa tunacheza kwenye uwanja wa serikali, chumba kimoja wapangaji wawili wasiosalimiana. Yanga angalau walikuwa na uwanja wao wa Kaunda pale Jangwani japo mto Msimbazi ukijaa nao unaingia kuchezea humo humo. Sisi hatukuwa na hata cha kufurika. Ukiulizwa kwenu wapi unajibu Msimbazi, lakini hiyo Msimbazi ni jengo la klabu bana, goli liko wapi pale?

Kwetu kwa ukweli kulikuwa pale Temeke, kwa bibi.

Sasa hili jina la uwanja, Shamba la Bibi, kila mtu ana maelezo yake, na nikiuliza hapa mikono itanyooka ishirini. Mi naelewa hivi: kwa Kiswahili chetu cha mtaani shamba la bibi ni pale mjukuu yeyote anaingia, anachuma, anaondoka, na bibi hagombi. Wapo wanaosema walilengwa wale waliokuwa wanachuma mapato ya mlangoni, uwanja umejaa mpaka watu wako juu ya miti ila hesabu ikija kusomwa unajiuliza hao waliojaa walikuwa vivuli au nini. Inawezekana. Lakini sisi watoto wa Keko, Chang'ombe na Temeke tulikuwa wajukuu kwelikweli, maana tulikuwa tunaingia bila tiketi.

Fungulia mbwa. Nani hapa aliwahi kuingia kwa fungulia mbwa? Naona mmecheka, kwa hiyo wote wezi. Kwa vijana ambao hawajui, mpira ukikaribia kwisha, dakika ya 75 hivi au 80, mageti yalikuwa yanafunguliwa ili watu watoke bila kukanyagana, na sisi tuliokuwa nje tangu saa nane na jua letu ndo tunaingia mbio hizo kama mbwa tuliofunguliwa. Mi mechi za utotoni karibu zote nimeziona robo saa ya mwisho tu, ndo maana hadi leo kichwani mwangu wachezaji wa Simba wa zile enzi ni watu waliochoka, soksi ziko chini, mikono kiunoni, jezi imelowa. Nikiambiwa fulani alikuwa na spidi nashangaa, spidi gani, mi nilimuona anatembea.

Na kabla ya geti kufunguliwa tunakaa nje na redio. Kuna mzee mmoja alikuwa anauza mihogo ya kukaanga karibu na geti, ana redio ya mbao imefungwa mpira wa baiskeli, ukinunua muhogo wa kachumbari unaruhusiwa kusikiliza, usiponunua unasogezwa. Redio Tanzania Dar es Salaam, Ahmed Jongo anatangaza, siku nyingine Charles Hilary, yani hawa watu walituchorea uwanja mzima kwa mdomo. Lakini sisi wa ukutani tulikuwa na kitu ambacho msikilizaji wa Kigoma au Songea hakuwa nacho. Kelele ilikuwa inatoka ukutani kwanza, ardhi inatetemeka kabisa, halafu ndo mtangazaji anakuja kukwambia kilichotokea. Kwa hizo sekunde mbili tatu unajua kuna goli ila hujui la nani, kwa hiyo unasikiliza kelele imetoka upande upi, wa kwetu au wa kwao. Mzee wa mihogo alikuwa hakosei. Anainua kidole tu, "hiyo yenu", anaendelea kukata kachumbari.

Vitu vikubwa vya pale nyingi nilihadithiwa, siwadanganyi. 5-0 ya Yanga ya tarehe 1 Juni 1968, wakati huo sisi tulikuwa bado tunaitwa Sunderland, jina la Simba limekuja 1971, kwa hiyo kuna ndugu zangu mpaka kesho wanajitetea kwamba waliofungwa zile tano ni Sunderland, sio Simba. Sawa. Halafu 19 Julai 1977 tukawarudishia 6-0, Abdallah Kibadeni kapiga tatu, Jumanne Hassan Masimenti mbili, na moja wakajifunga wenyewe. Mtu wa Yanga mwenye akili atakwambia ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya wao kugombana na kupasuka, wachezaji kibao wakaondoka kwenda kuanzisha timu ya Pan African, na kwa kweli hiyo ni hoja. Ila sita ni sita. Yanga nao wana machungu yao ya Kotoko ya Ghana, 1969, robo fainali ya Afrika, sare ya 1-1 mara mbili halafu wakatolewa kwa bahati nasibu, hebu fikiria, timu nzima inasubiri bahati nasibu. Na 1979 sisi tukapigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapo hapo nyumbani, watu wakatoka hawaongei, wiki mbili baadaye Simba inakwenda Zambia inashinda 5-0. Tano! Mzee wangu alikuwa anasema ile ya tano aliisikia redioni akatoka nje akaenda kumsalimia jirani wa Yanga ambaye hawakuwa wanasalimiana toka mwaka jana yake.

Nisisahau mambo ya kuruka ukuta. Timu inakuja, geti la wachezaji lipo, liko wazi, limefagiliwa, lakini hawapiti. Kamati ya ufundi, yani wale wa ndumba, imesema humo kuna kitu kimezikwa. Basi utaona watu wazima na mabegi yao wanaparamia ukuta, kipa ana mita karibu mbili anasukumwa matakoni na meneja. Wengine wanaona ni ushamba, mi naona ilikuwa burudani ya bure kwa sisi tulio nje, kwa sababu ndo nafasi pekee ya kumuona mchezaji kabla hajachoka.

Lakini pale sio mpira tu jamani. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa pale pale ikapanda ya kwetu, ndo maana baadaye ukaitwa Uwanja wa Uhuru. Oktoba 1999 tulipanga foleni pale kumuaga Mwalimu. Na Machi 2021, kwenye kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walikufa kwa kukanyagana, na sisi tuliokulia kwenye yale mageti tunajua vizuri msukumano wa pale ulivyo, kwa hiyo siku ile wengi tuliwaza ni mara ngapi tuliponea. Siwezi kuisimulia kwa utani hiyo.

Mwaka 2007 ukaja uwanja mpya, ule wa watu 60,000, tuliojengewa na Wachina enzi za Mzee Mkapa, na sasa una jina lake. Mzuri, hakuna ubishi. Lakini mmeona ulipojengwa? Ubavuni kwa bibi! Yani umehamia kwenye ghorofa, ukifungua dirisha unaiona nyumba ya zamani na bibi kakaa barazani anakuangalia. Na tulipofanya utoto kwenye ghorofa tulirudishwa kwake. Oktoba mosi 2016, Tambwe wa Yanga kafunga goli la utata, watu wetu, naam watu wetu wa Simba, sikatai, wakang'oa viti wakavirusha, halafu dakika za mwisho Kichuya wetu akapiga kona ikaingia moja kwa moja, matokeo 1-1, ikawa aibu juu ya aibu maana viti vimeshavunjika na goli limesharudi. Serikali ikatufungia wote wawili. Tukaenda wapi? Kwa bibi. Safari hiyo kaweka nyasi bandia, ila ni yule yule.

Nimalizie na mechi moja ambayo niliingia kwa tiketi. 27 Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF. Simba imetoka sare 0-0 kwa Stella kule Abidjan, kwa hiyo tunahitaji kushinda tu, kocha ni Kibadeni yule yule wa zile goli tatu, wachezaji wameahidiwa kila mtu gari, Rais Mwinyi yuko jukwaani. Aliyenikatia tiketi ni mjomba, na mjomba alikuwa Yanga damu, alikuja kuishangilia Stella, hakuficha, alinambia tangu nyumbani: mwanangu nakupeleka ukalie. Tukakaa mzunguko, mi na kanga nyekundu ya mama shingoni, yeye katikati ya Wasimba kakunja mikono anatabasamu. Ndo mara ya kwanza naona mpira tangu dakika ya kwanza, na kumbe wachezaji wanakimbia!

Boli Zozo. Mnalikumbuka hilo jina? Kafunga la kwanza mapema, mjomba akasimama akapiga makofi mawili, akaangalia kushoto na kulia, akakaa. Kipindi cha pili Boli Zozo tena. La pili mjomba hakusimama. Uwanja ulikaa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia tena, unasikia kabisa wale wa Ivory Coast wanavyoitana uwanjani, na kuna mzee mbele yetu alikuwa amevua kofia kaishika kama yupo msibani. Mjomba akanishika mkono, tukatoka kabla ya filimbi, na pale getini tukapishana na watoto wa fungulia mbwa wanaingia mbio, hawajui kitu. Akaninunulia muwa, tukatembea mpaka Temeke Mwisho hajasema neno, hata Jumapili yote hakusema.

Utani alianza Jumatatu asubuhi, na mpaka anafariki hakuumaliza. Haya, maikrofoni nani anayo? Yule dada wa jezi ya njano kanyoosha mkono tangu niliposema sita.