Keki Mbona Inazunguka?

Habari za jioni, vijana. Nianze na aibu yangu. Harusi ya kwanza niliyoediti, ukumbi ulikuwa Sinza, nilitia transisheni, yaani njia ya kuvuka kutoka picha moja hadi nyingine, kila nilipounga klipu na klipu. Bibi harusi anashuka garini, skrini inapasuka vipande. Anaingia ukumbini, makopa mekundu yanaruka. Mama mwenye shughuli akatazama dakika mbili, akaniuliza, "Mwanangu, keki mbona inazunguka?" Nilikosa jibu.

Transisheni inasema kitu, ndugu zangu. Mkato mtupu unasema tunaendelea. Picha ikiyeyukia ndani ya nyingine, muda umepita. Skrini ikizama kwenye weusi, hapo pameisha. Wala mambo haya hayakuja na kompyuta. Mfaransa Georges Méliès alishayeyusha picha kwenye filamu yake mwaka 1899. Sasa wewe ukimyeyusha shangazi anayetoka kitini kupeleka zawadi mbele, umetuambia katembea saa nzima!

Wengi wenu mnasahau sauti. Tuseme uko kivukoni Magogoni, Dar es Salaam. Mama katoka soko la Feri na ndoo ya samaki, anahesabu chenji huku akingoja pantoni. Unataka kumvusha Kigamboni. Usiguse efekti. Anzisha honi ya pantoni wakati bado tunaona vidole vyake na zile sarafu. Iache ilie sekunde moja hivi, ndipo ukate. Tunamkuta yuko juu ya maji, kanga inapepea, ndoo iko miguuni. Sikio limeshavuka, jicho linafuata tu. Ule mkato hakuna atakayeuona.

Wapiga picha, na nyinyi mna lenu. Kamera ikiwa kwenye fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, kuyeyusha kwa sekunde moja katikati ya mkato kunahitaji fremu 12 au 13 za ziada kila upande, maana klipu mbili zinapishana. Ukizima kamera bwana harusi anapofunga tu mdomo, mkia huo anautoa wapi mhariri? Programu itagoma, au picha igande. Acha kamera iende sekunde tano kabla, tano baada. Memori kadi si ghali kama kurudia harusi.

Na mkipiga, pigeni mikono, viatu, watoto chini ya meza. Mimi yale makopa niliyatia kwa sababu sikuwa na picha nyingine ya kuweka kati ya klipu na klipu.

Haya, klipu za Magogoni ziko kwenye flashi hii. Nani ana laptop yenye chaji?