Meza ya Kilomita ya 16

Ahsante, mwenyekiti. Wana jogingi, habari za asubuhi. Naona walionisikia nikisema haya mara tatu wameshaanza kucheka. Chekeni tu, maji ya njiani kwenye mbio bado yanaisha kabla sisi wa mwisho hatujafika.

Mwaka juzi nilikimbia nusu marathoni hapahapa Dar. Mbio zenyewe sizitaji. Tulianza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa moja na robo mshindi keshavishwa medali, anahojiwa. Mimi, na mwili huu mnaouona, saa mbili na nusu ndiyo naiona meza ya maji ya kilomita ya 16. Nikajipa moyo. Kufika, kijana anakunja kitambaa cha meza. "Shikamoo mama. Maji yameisha." Chini chupa zimetapakaa, nyingine zimepigwa funda mbili zikatupwa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, asije akawepo mwanafunzi wangu, nikainama nikaokota moja iliyofika nusu. Nikanywa. Mwalimu mkuu mzima! Na ada nililipa ileile aliyolipa mshindi.

Kuna kijana hapo anasema moyoni, si aongeze mazoezi huyu mama? Mwanangu, nikiongeza mimi, wa mwisho atakuwa mwingine. Na huyo wa mwisho ndiye anayepigwa na jua kuliko wote. Aliyemaliza saa moja kakimbia na ubaridi wa alfajiri, meza zote zimejaa. Sisi tunaoungua ndio tunakunjiwa kitambaa.

Halafu kila ufunguzi wa mbio lazima atajwe Mzee John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Olimpiki. Marathoni ya Mexico City, 1968: walianza 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Goti limefungwa bendeji, giza limeingia, mshindi alishamaliza saa nzima nyuma. Mgeni rasmi anasimulia, watu wanapiga makofi. Ikifika saa tatu asubuhi, hao hao wanashusha turubai. Angekuwa anakimbia kwenu, Akhwari angekuta viti vimeshapakiwa kwenye Kenta!

Msinielewe vibaya, washindi nawapenda. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025, yeye na yule Mjerumani wameandikiwa muda uleule, 2:09:48, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba au harusi. Lakini Simbu hakosi maji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Viatu vipya msivivae siku ya mbio. Maji yenyewe, japo nimeyalilia, msinywe kupita kiu: yakizidi yanapunguza chumvi ya damu, na hilo hutupata zaidi sisi tunaokaa njiani muda mrefu. Ule mwinuko wa Mweka, kwa wanaokwenda mbio za Moshi, tuongee Jumamosi kwenye mazoezi.

Ila nyie watatu wa kamati ya mbio za mwezi ujao, mlioketi pale mlangoni, msitoke kwanza. Meza ya kilomita ya 16 inafungwa saa ngapi?